Kama Kapteni Boycott angekuwa Ihangiro

Kitenzi cha Kiingereza boycott kilikuwa jina la ukoo kabla hakijawa kitenzi. Mwenye jina, Kapteni Charles Cunningham Boycott, hakuongoza upinzani wowote. Yeye ndiye aliyepingwa. Kwa Kiswahili tunasema kususia, na magazeti yetu hulitumia neno hilo kwa mambo mengi: wabunge wamesusia kikao, chama kimesusia uchaguzi, wanunuzi wamesusia bidhaa, waalikwa wamesusia hafla. Matendo hayo hayafanani. Mengine humnyima mtu kitu anachokihitaji, mengine hayamnyimi chochote. Ili tuone tofauti hiyo inatoka wapi, tuanze na shamba ambako kitenzi kilizaliwa, kisha tukipeleke kwenye vibanja, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, vya Bukoba na Muleba mkoani Kagera, ambako nako wakulima waliishi kwa miaka mingi juu ya ardhi ya wakubwa.

Ireland ya karne ya 19 ilitawaliwa na Uingereza, na sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mali ya makabaila. Mkulima alipanga kipande chake, akalipa kodi, na akishindwa kulipa aliweza kutolewa nje yeye na watoto wake. Mwaka 1879 mavuno yalikuwa mabaya, hasa magharibi mwa nchi. Oktoba mwaka huo kikaanzishwa chama kilichoitwa Land League. Mwanzilishi wake mkuu alikuwa Michael Davitt, na rais wake Charles Stewart Parnell. Tarehe 19 Septemba 1880, mjini Ennis, Parnell aliuuliza umati wamfanye nini mtu anayechukua shamba alilofukuzwa mwenzake. Palikuwa na sauti zilizotaka apigwe risasi. Parnell akapendekeza njia nyingine: waachane naye barabarani, dukani, sokoni na hata kanisani, wamtenge kama zamani alivyotengwa mwenye ukoma.

Siku chache baadaye ushauri huo ulipata mtu wa kujaribiwa nao. Boycott, Mwingereza na askari mstaafu, alikuwa wakala wa Lord Erne katika eneo la Lough Mask, wilaya ya Mayo, akikusanya kodi kwa niaba yake na kulima shamba lake mwenyewe. Wapangaji waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Lord Erne akakubali asilimia 10. Wakala akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza, na tangu hapo mambo yakaenda haraka. Vibarua waliacha mazao shambani. Watumishi wa nyumbani waliondoka. Mfua chuma hakutaka kugusa farasi zake, dobi hakutaka nguo zake, na wenye maduka wa mji wa jirani, Ballinrobe, hawakutaka fedha zake.

Mazao yaliokolewa, lakini kwa namna ya ajabu. Novemba 1880 watu 50 wa kujitolea waliletwa kutoka wilaya za kaskazini za Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari wapatao elfu moja. Gharama ya ulinzi huo ilikadiriwa kufikia pauni 10,000, na mazao yenyewe hayakufika hata sehemu ya kumi ya thamani hiyo. Mwanzoni mwa Desemba Boycott aliondoka Ireland na familia yake. Wakati huo jina lake lilikwisha kuwa kitenzi: inasimuliwa kwamba Padri John O'Malley, paroko wa eneo lile, alilipendekeza kwa mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, kwa kuwa neno la kisomi la kutenga lingewapa wanakijiji tabu kulitamka. Miaka michache tu baadaye Wafaransa na Wajerumani nao walikuwa wakilitumia katika lugha zao.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Boycott hakupigwa, na wala shamba lake halikuchomwa moto. Kilichomshinda ni mahitaji yake: mikono ya kuvuna, mkate, viatu vya farasi, nguo safi. Kila aliyemwacha aliondoa huduma moja ndogo ambayo hakuna sheria iliyomlazimisha kuitoa. Hivyo kususia, kwa maana yake ya awali, ni watu kukubaliana kuondoa ushirikiano ambao mtu anautegemea na ambao wao wana haki ya kuunyima. Maandamano ni jambo jingine, kwa sababu huonyesha nguvu na hasira lakini hayaondoi kitu. Mgomo uko karibu zaidi, ila ni wa waajiriwa dhidi ya mwajiri, na silaha yake ni kazi peke yake. Na kukaidi amri ni kitu cha nne, maana anayekaidi amekwisha kuvunja sheria na anaweza kushtakiwa siku hiyohiyo. Dobi wa Ballinrobe angeshtakiwa kwa kosa gani?

Mashine hii ina mahitaji yake. Lazima anayesusiwa awe anawahitaji wanaomsusia, tena awahitaji mapema kuliko wao wanavyomhitaji yeye. Lazima wanaosusia washikamane, kwa kuwa duka moja likibaki wazi mkate unapatikana. Na juu ya yote kuna wakati. Viazi na nafaka za Lough Mask zilikuwa na majuma yake ya kuvunwa, yakipita, zinaoza. Wakulima hawakuhitaji kushikamana mwaka mzima. Walihitaji kushikamana kipindi kimoja cha mavuno, na katika kipindi hicho kila siku iliyopita ilikuwa hasara ya upande mmoja tu.

Tuvuke sasa hadi magharibi ya Ziwa Victoria. Katika falme za Wahaya, kama Kiziba, Kianja na Ihangiro, ambayo leo iko Muleba, palikuwa na utaratibu wa ardhi ulioitwa nyarubanja. Mukama, yaani mfalme, aliweza kumpa ndugu yake au mtu aliyemtumikia vizuri eneo la ardhi pamoja na watu waliokuwa wakikaa humo. Mwenye kibanja aliyelala jana akiwa mtu wa Mukama aliamka leo akiwa mtwarwa, yaani mpangaji wa bwana fulani, bila yeye kuhama hata hatua moja. Alitakiwa kutoa sehemu ya mazao na pombe yake, na kufanya kazi za bwana. Si ardhi yote ilikuwa ya namna hiyo. Familia nyingi zilikuwa na vibanja vyao wenyewe. Hans Cory na mwenzake Hartnoll, walioandika kitabu cha sheria za kimila za Wahaya kilichotoka mwaka 1945, walilazimika kuipa nyarubanja nafasi kubwa kwa sababu ndiyo iliyoleta mashauri magumu.

Kilichoifanya nyarubanja iwe na uchungu ni kahawa. Zamani Wahaya walichemsha buni na kuzitafuna, wakamkaribisha nazo mgeni. Chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, kahawa ikawa zao la fedha, na ardhi iliyokuwa na thamani ya ndizi na heshima ikawa na thamani ya sokoni. Wakubwa wakaanza kudai nyarubanja mpya juu ya watu ambao baba zao hawakuwahi kuwa watwarwa wa mtu. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba serikali ya Waingereza iliweka vizuizi juu ya kuanzishwa kwa nyarubanja mpya, lakini zile za zamani ziliendelea.

Hapa ndipo msomaji anaweza kuuliza swali la haki kabisa. Wapangaji wa Mayo na watwarwa wa Ihangiro walikuwa na shida ileile: ardhi ya mwingine, kodi wasiyoipenda, na hofu ya kufukuzwa. Kwa nini watwarwa hawakumfanyia mwenye nyarubanja kile alichofanyiwa Boycott?

Jibu la haraka ni kwamba waliogopa, au waliheshimu mno. Silikubali. Wahaya hawakuwa watu wa kunyamaza: mwaka 1924 wasomi na wafanyabiashara wa Bukoba, akiwamo Klemens Kiiza, walikwisha kuunda chama chao, Bukoba Bahaya Union, na tutaona hapa chini kwamba watu wa vijijini nao hawakuogopa polisi. Sababu ziko mahali pengine, na ya kwanza ni mgomba. Mgomba hauna majuma ya mavuno. Kibanja kilichotunzwa huzaa mwaka mzima, mkungu huu leo, ule juma lijalo, na shina moja huendelea kutoa machipukizi kwa miongo. Mwenye nyarubanja alikuwa na kibanja chake cha nyumbani kilichomlisha bila mkate wa duka. Kahawa yake ikianikwa na maganda yake hukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika. Hapakuwa na siku ambayo watwarwa wangeweza kusema: tukishikamana hadi siku hiyo, ameshindwa.

Sababu ya pili ni kwamba mizani ya kuhitajiana ililalia upande wa bwana. Mtwarwa alikuwa amezungukwa na migomba iliyopandwa na babu yake, na katikati ya migomba hiyo yalikuwa makaburi, kwa kuwa Wahaya huzika kibanjani. Kufukuzwa kulikuwa zaidi ya kupoteza chakula. Na kile ambacho bwana alikihitaji kwake, yaani sehemu ya mazao na siku za kazi, kilikuwa wajibu unaotambuliwa na mila. Kukinyima hakukuwa kususia bali kukaidi, na shauri lingepelekwa kwenye baraza la wakubwa, ambao aghalabu nao walikuwa na nyarubanja zao.

Ya tatu ni ndogo kwa kuitaja lakini kubwa kwa uzito. Boycott alikuwa mgeni wa dini na nchi nyingine. Kumwacha peke yake hakukumgharimu mtu wa Ballinrobe undugu wowote. Mwenye nyarubanja alizungumza Kihaya, alikaa matanga na watu wale wale, na mara nyingi alikuwa wa ukoo uliooana na koo zao. Ukimtenga yeye unamtenga shemeji yako.

Kwa hiyo nyarubanja haikufa kwa kususiwa. Iliuawa na Bunge. Sheria ya mwaka 1965 iliwakomboa watwarwa wa nyarubanja, na nyingine ya mwaka 1968 ikapanua ukombozi huo kwa wapangaji wengine wa kimila, ili anayelima awe ndiye mwenye ardhi. Ireland nayo iliishia kwenye sheria: ile ya mwaka 1881 iliwapa wapangaji ulinzi dhidi ya kodi kali na kufukuzwa, na ile ya 1903 ikawawezesha kununua mashamba kwa mikopo ya serikali. Ila kule sheria ilikuja huku kelele za kususia zikisikika hadi London. Kwetu ilikuja baada ya Uhuru, wakati machifu walikwisha kuondolewa madaraka na serikali mpya haikuwa na deni kwao.

Wahaya walipinga mambo mengine, nayo yanasaidia kuonyesha mipaka ya kitenzi chetu. Mwaka 1937 watu wa Bukoba walikataa kanuni mpya za kilimo cha kahawa, wakakusanyika kwa wingi, na serikali ikatumia polisi. Mwaka 1953 zikaja amri za kupambana na fukusi wa migomba, mdudu anayetoboa shina. Mkaguzi aliingia kibanjani na kumwagiza mwenye nyumba akate nini na asafishe nini. Ali Migeyo, kiongozi wa chama cha Waafrika cha TAA, aliitisha mkutano Kamachumu, ambao polisi waliutawanya kwa mabomu ya machozi, na yeye akafungwa. Huu ulikuwa upinzani wa kweli, na miongoni mwa waliotoka humo walikuwamo watu wa TANU ya baadaye. Lakini haukuwa kususia. Kanuni haili mkate wala haihitaji dobi, hivyo huwezi kuinyima kitu. Unaweza kuikaidi tu.

Mahali ambapo mashine ya Boycott ilifanya kazi karibu na Kagera ni ng'ambo ya mpaka, Buganda, nchi ambayo Wahaya wengi walikwenda kutafuta kazi. Mwaka 1959 Uganda National Movement, iliyoongozwa na Augustine Kamya, iliwataka watu wasinunue katika maduka yasiyo ya Waafrika. Mwenye duka la kijijini anahitaji wanunuzi kila siku, na bidhaa zake amezichukua kwa mkopo. Mnunuzi anaweza kuchelewa kununua shati kwa mwezi mzima. Wakati uliwapendelea wanunuzi, na maduka mengi ya Wahindi vijijini yakafungwa. Tatizo lilikuwa kwenye kushikamana. Waliovunja umoja walikatiwa migomba na mibuni usiku, na serikali ikakipiga marufuku chama. Nitalisema hili waziwazi: panga linapoanza kulinda makubaliano, tendo limekwisha kubadilika, hata kama jina lake linabaki lile lile.

Zanzibar inatoa mfano wa kinyume, wa mnunuzi mkubwa. Mwaka 1937 serikali ya visiwa iliweka sheria za biashara ya karafuu zilizowabana wafanyabiashara wa Kihindi. India, ambayo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karafuu hizo, ikasusia. Mwaka uliofuata yakapatikana maafikiano. Karafuu si chakula cha kumshibisha mtu. Zisiponunuliwa, Unguja na Pemba zinakosa fedha.

Turudi Bukoba, kwa kuwa nadhani mfano ulio karibu zaidi na Lough Mask haupo kwenye siasa kabisa. Upo kwenye msiba. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba kuna vikundi vya kuzikana. Mtu akifa, wanachama huleta ndizi, kuni, maji na fedha, huchimba kaburi, hulala matanga, huwapikia wageni. Vikundi hivi vina kanuni, orodha za mahudhurio na faini. Joachim De Weerdt alikifanyia utafiti kijiji kimoja cha Bukoba Vijijini, Nyakatoke, chenye kaya 119, akiuliza kila mtu mzima ni nani anayemtegemea kwa msaada na nani anayemtegemea yeye. Kilichoonekana ni wavu mzito wa kusaidiana kati ya kaya na kaya, ambao vikundi vya kuzikana ni sehemu yake.

Asiyehudhuria misiba ya wenzake hupigwa faini. Akiendelea, hutengwa. Tazama jinsi masharti yote yanavyotimia hapa. Huduma inayoondolewa haidaiwi na sheria yoyote ya serikali. Hakuna mahakama itakayomwamuru jirani akuchimbie kaburi. Mtengwa anaihitaji bila shaka yoyote, kwa maana kifo hakina mbadala wa dukani, na mwili haungoji. Kushikamana ni rahisi, kwani kila mwanachama anajua naye atakuwa na msiba. Wala hahitajiki mtu wa kuhutubia. Kwa kawaida mtengwa hurudi, hulipa alichotozwa, na maisha huendelea.

Uzito wa jambo hili ulizidi baada ya mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera. Katika miaka iliyofuata misiba iliandamana kiasi kwamba hakuna kaya iliyoweza kuzika peke yake. Chombo kinachowabana wavivu wa misiba kilikuwa pia ndicho kilichozika maelfu. Ni kweli kwamba mashine hiyohiyo humbana asiye na kosa: mgeni wa kijiji, mtu aliyesingiziwa uchawi, mjane asiye na fedha za mchango. Kususia hakuna jicho la kutambua nani mwenye haki. Parnell mwenyewe alitoa mfano wa mwenye ukoma, ambaye hakumkosea mtu.

Tukiwa na hayo mkononi, tunaweza kupima matumizi ya leo. Novemba 2019 Chadema na vyama vingine vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na magazeti yakaandika kwamba wamesusia. Je, waliondoa kitu ambacho upande wa pili ulikihitaji? Kiti cha mwenyekiti wa kijiji hakihitaji mpinzani ili kikaliwe, kilikaliwa. Kilichoondolewa ni sura ya ushindani, na hiyo ina thamani pale tu ambapo mshindi anaona aibu kushinda bila kushindana. Kujitoa kule kulikuwa na sababu zake, na huenda kulikuwa na heshima kuliko kubaki. Lakini kwa maana iliyozaliwa Mayo, kulikuwa malalamiko zaidi ya kususia.

Swali lililo hai zaidi kwa Kagera ni kahawa. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoelekeza kahawa ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, kila msimu wakulima husikika wakisema bei ikiwa mbaya hawatauza. Kwa masharti tuliyoyaona, wana jambo moja zuri ambalo hata wakulima wa Mayo hawakuwa nalo: kahawa ya maganda inakaa. Mkulima anaweza kungoja. Wanaomharakisha ni ada ya shule ya Januari, hospitali, na mchango wa msiba. Na kuna butura, desturi ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua, kwa bei ya chini kwa mtu mwenye fedha taslimu. Serikali huipiga marufuku, nayo hurudi, kwa sababu shida zinazoizalisha hurudi kila mwaka. Kahawa iliyokwisha kuuzwa kwa butura haiwezi kususiwa na aliyeilima. Wakati wa kungoja ameshauhamishia kwa mnunuzi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama Muleba inaweza kususia bei msimu ujao asianzie kwenye mikutano ya wakulima. Aulize kwanza, kijiji kwa kijiji, ni magunia mangapi bado yana mwenyewe.